Harusi ya Maji ya Juu na Maji ya Chini

Sikupanga kuota usiku wa jana, maana nililala na hasira, na mimi hasira hunikaushia usingizi. Lakini niliota. Niliota nimebeba ungo wa vifuniko, natembea kwenye korido ya maabara yetu, na vifuniko vinanisengenya.

"Ndiye huyu," kinasema kifuniko cha bluu.

"Hobokela mwenyewe," kinaitikia kingine. "Anayetuandika utosini."

Naendelea kutembea. Ukisengenywa na vifuniko huna wa kumshitakia.

Hapa nieleze kidogo, maana si kila mtu amekulia maabara. Kwetu vifuniko vya mirija havitupwi. Tunaviosha, tunavianika kwenye ungo pale dirishani, kisha tunavitumia tena. Na sote tunaandika jina la sampuli juu ya kifuniko, si ubavuni mwa mrija, kwa sababu ubavuni spiriti hufuta wino. Aliyetufundisha hivyo ni Dakta Malekela, msimamizi wangu wa masomo. Jana mchana, mbele ya wenzangu wote, Dakta Malekela huyohuyo alikiinua kifuniko changu kimoja kwa vidole viwili, akakitazama kama aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Jibu ndilo hili," akasema. "Umechanganya vifuniko."

Alikuwa anazungumzia papaini yangu. Papaini ni ile protini iliyomo kwenye utomvu wa papai bichi, ileile inayolainisha nyama ya ng'ombe mzee ukiipaka papai kabla ya kuiinjika. Mimi naitenga na takataka za utomvu kwa kutumia maji mawili. Ndiyo, maji mawili. Ukiyeyusha aina mbili za minyororo mirefu ya molekuli ndani ya maji, baada ya muda maji yanajigawa: mepesi yanakaa juu, mazito yanakaa chini, na mpaka wao unauona kwa macho. Yote ni maji, ila hayaelewani. Ukitia protini humo, inachagua upande. Misimu miwili ya mapapai nimekuwa nauliza inachagua kwa kufuata nini.

Dakta anasema inafuata ukubwa. Kubwa chini, ndogo juu. Aliandika hivyo alipokuwa kijana na anataka ibaki hivyo mpaka astaafu. Mimi nimeona inafuata chaji, yaani ule umeme wa chanya na hasi ulio mwilini mwake. Nilipotia chumvi ya salfeti, papaini ilishuka. Nilipotia chumvi ya mezani, papaini ileile, ukubwa uleule, ikapanda. Nikawa nabadilisha ukali wa maji kidogo kidogo, kutoka uchachu kama wa ndimu kwenda hali ya magadi, nikachora mstari wa kila chumvi, na mistari yangu miwili ikakatana katikati.

"Mistari haikatani," alisema Dakta. "Inakwenda sambamba. Geuza mmoja. Kesho asubuhi utaliambia jopo la watahini kwamba ulichanganya vifuniko."

Nami nikasema, "Sawa, Dakta."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyoninyima raha. Matusi ya Dakta nimeyazoea. Hiyo sawa ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, laini, imenyooka, na nimekwenda nayo mpaka kitandani.

Turudi kwenye korido. Korido inaisha, na mahali pa mlango wa stoo naukuta mlango wa ukumbi wa harusi. Juu yake kuna kitambaa kimeandikwa KARIBUNI HARUSI YA MAJI YA JUU NA MAJI YA CHINI. Sishangai hata kidogo. Ninachowaza ni kwamba nimekuja bila zawadi.

Mlangoni amesimama Sentrifuji, ile mashine yetu ya kuzungusha mirija. Amevaa suti nyeusi na miwani ya jua. Mfuniko wake umefungwa kwa kamba ya katani, kama ulivyo maabara tangu bawaba zilipokatika.

"Zawadi?" anauliza.

"Vifuniko," namwambia, nikiunyoosha ungo.

"Vizuri. Wengine wote wameleta masufuria matupu. Weka pale mezani, upite."

Napita. Ukumbi una ghorofa mbili zisizo na sakafu katikati. Ghorofa ya juu ni maji mepesi, upande wa bibi harusi. Wageni wanaelea na sahani zao za pilau. Ya chini ni maji mazito, upande wa bwana harusi. Ukinyanyuka, kiti kinanyanyuka na wewe kwa kunata. Kati yake umepita mpaka mwembamba unaong'aa. Bibi harusi amekaa upande wake, bwana harusi upande wake, na wanapungiana mikono.

"Watachanganyika saa ngapi?" namuuliza Sentrifuji.

"Wameoana," anasema. "Nani kakwambia watachanganyika?"

Kila harusi ina sare. Hii sare yake ni pini. Kila mgeni amejaa pini kifuani, mgongoni mpaka kwenye kilemba: nyekundu ni za chanya, nyeusi ni za hasi. Wahudumu wawili wanazunguka na majagi. Mmoja ana ndimu, mwingine ana magadi. Tone la ndimu likikudondokea, pini nyekundu zinachipua. Tone la magadi likikudondokea, nyekundu zinapukutika na nyeusi zinatawala. Hakuna anayelalamika. Mgeni mmoja anapukutikiwa na pini zote nyekundu huku anatafuna sambusa.

Wanaopanga watu ni Kamati ya Chumvi. Kwa sasa zamu ni ya akina Salfeti, vijana wakorofi waliovaa pini nyeusi tupu. Wao wanapenda kukaa chini, wamejazana huko mpaka basi. Na kwa kuwa pini nyeusi kwa nyeusi hazipatani, mgeni mwenye nyeusi nyingi anasukumwa juu. Mwenye nyekundu nyingi anavutwa chini kwa nguvu, akitaka asitake. Wala hawaulizi jina lako.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja mnene, amejifunga kitenge cha rangi ya papai bichi, viatu mkononi. Namtambua kabla hajasema neno. Misimu miwili nimekuwa namtafuta kwa kumchuja, kumgandisha na kumpima, na sasa yuko mbele yangu anatafuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinipe mkono, nitakula ngozi."

"Najua, mama. Huwa navaa glavu."

"Nazijua glavu zako. Zinabana." Mama Papaini ananitazama kuanzia juu mpaka chini. "Ndiye wewe unayenitia kwenye friji na mandazi?"

Ni kweli, friji la maabara lina mandazi. Naomba radhi kwa niaba ya wenzangu.

Hatujamaliza kusalimiana, kijana wa Salfeti anamshika Mama Papaini kiunoni. Anamkagua haraka: pini nyekundu zimezidi nyeusi. "Chini, mama!" anapiga kelele. Na mama anakwenda chini, na kitenge chake, na viatu vyake, anavuka mpaka, anatua kwenye kiti kinachonata.

Basi mlango wa nyuma unafunguka kwa kishindo na kamati mpya inaingia na mabakuli ya kachumbari. Ni akina Kloridi, wale wa chumvi ya mezani. Hakuna uchaguzi, hakuna hotuba. Salfeti wanatolewa nje kwa kola za mashati, Kloridi wanashika zamu. Hawa nao wana pini nyeusi, ila wao macho yao yako juu, na huko juu ndiko wanakokimbilia. Kwa hiyo aliyesukumwa jana anavutwa leo.

"Juu, mama!"

Mama Papaini ananyanyuka na kiti chake, anabanduliwa, anapanda. Ananipita usawa wa uso.

"Mwanangu," anasema akipita, "naomba unishikie kiatu kimoja."

Nakishika. Hiki ndicho nilichokiona kwenye mirija. Mama ni yuleyule, unene ni uleule, kitenge ni kilekile. Iliyobadilika ni chumvi. Nataka kumwita mtu aje aone. Nageuka, na kwenye jukwaa namwona mshereheshaji.

Mshereheshaji ni Dakta Malekela. Amevaa kifuniko cha bluu kichwani, kimeandikwa DAKTA kwa wino, na kipaza sauti chake ni pipeti.

"Ndugu wageni waalikwa," anasema kwenye pipeti, "huyu mama hajahama."

Wakati huohuo Salfeti wamerudi kupitia dirishani, wameteka zamu, na Mama Papaini anashushwa mbele ya pua ya Dakta. Kitenge chake kinampiga Dakta shavuni.

"Hajahama," anarudia Dakta, akijifuta shavu. "Ni mnene, na wanene hukaa chini. Mkidhani mmemwona juu, ni vifuniko vimechanganywa."

"Hana kifuniko," nasema.

Wageni wote wanageuka. Hata wahudumu wa majagi wanasimama. Sauti yangu imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na hapo ndipo nagundua kwamba nimesimama juu ya kiti.

"Nani anasema?" anauliza Dakta.

"Hobokela. Nasema mama huyu hana kifuniko. Hajawahi kuvaa kifuniko. Amepanda kwa Kloridi na kushuka kwa Salfeti, na kiatu chake ninacho mimi."

Dakta anatabasamu lile tabasamu lake la vikaoni. Anapiga makofi mawili, na wahudumu wanaleta karatasi ya kuchujia pana kama mkeka, wanaitandaza mbele yangu. Katikati imeandikwa kwa herufi kubwa: MIMI HOBOKELA NAKIRI KWAMBA MAMA HUYU HAKUHAMA. Chini yake kuna duara tupu.

"Weka dole gumba hapo, harusi iendelee," anasema. "Watu wana njaa."

"Na nikiweka?"

"Ukiweka, itakuwa hakuhama. Atakaa chini daima, na mistari itakwenda sambamba."

Namtazama Mama Papaini kule chini. Kiti kimeshaanza kumpanda mgongoni kwa kunata. Akigandishwa pale hatapanda tena, si leo, si kwa chumvi yoyote, na misimu yangu miwili itaganda pamoja naye. Ananitazama bila kuniomba chochote. Angeniomba ingekuwa rahisi zaidi.

"Sawa, Da..." nasema, na kifuani kwangu kinachomoza kitu.

Najitazama. Blauzi yangu imejaa pini nyekundu. Nyekundu tupu, kuanzia kola mpaka pindo, nyingine zimepandana juu ya nyingine. Naisoma moja. Imeandikwa "Sawa, Dakta". Naisoma ya pili. "Sawa, Dakta." Kila sawa niliyowahi kumpa mtu yule, ya kumsubiri nje ya ofisi, ya kuondoa jina langu mwanzoni mwa orodha ya waandishi, ya kucheka utani usiochekesha, imening'inia pale. Kumbe ndiyo maana kila kamati inaniweza. Tayari kijana wa Salfeti amenishika kiunoni.

"Chini, dada!"

Navutwa chini kama mzigo. Nafika nimeshika kiatu, natua kwenye kiti cha jirani na Mama Papaini. Maji mazito yananifika kidevuni. Yana utamu wa kukera.

"Na wewe?" anasema mama.

"Na mimi."

"Nilidhani wewe ndiye unayefanya jaribio."

Nakasirika, na safari hii hasira imepata pa kwenda. "Mama, hawa wanatuburuta kwa pini tu. Sasa tufanyeje? Tukae kuwa mpira wao?"

"Pini huzivui," anasema Mama Papaini. "Ndizo mwili wenyewe. Ila unaweza kuzisawazisha." Anamwita mhudumu wa magadi kwa kidole. "Wewe baba, njoo. Nidondoshee kidogo. Kidogo tena. Hebu tulia, usimwage kama unapika maharage! Tone moja. Basi."

Pini nyekundu zinapukutika mabegani mwake, moja baada ya nyingine, kisha zinakoma. Namtazama kifuani. Zilizobaki nyekundu ni sawasawa na nyeusi. Hakuna iliyozidi.

Salfeti wanamrukia. "Chini, mama!"

Mama Papaini anajibandua kwenye kiti, anasimama, anajifunga kitenge vizuri. Vijana wanavuta, wanakunja nyuso, mmoja anang'ang'ania pindo la kitenge mpaka anateleza. Mama anachukua sahani ya pilau.

Kloridi wanaingia kwa fujo, wanateka zamu. "Juu, mama!" Wanavuta, wanasukuma, wanaita wenzao. Mama anatafuta kipande cha nyama kwenye pilau, anakigusa kwa kidole, nyama inalainika, anaila.

"Nikiwa hivi," anasema akitafuna, "chumvi zote kwangu ni kelele. Nitakaa ninapopataka mwenyewe, kwa umbo langu na tabia yangu. Leteni salfeti, leteni ya mezani, leteni hata ile ya ng'ombe kulamba."

Nataka kulia, maana pale aliposimama napajua. Ni pale pale mistari yangu miwili inapokatana. Dakta aliniambia nipafute, na kumbe pale ndipo mama huyu anapokuwa huru.

"Na mimi, mama? Magadi yatanisaidia?"

"Dawa yako si magadi," anasema. "Unaijua."

Dakta ameshuka jukwaani. Anatembea juu ya mpaka kwa viatu vyake vya ngozi, karatasi ya kuchujia imekunjwa kwapani. "Hobokela," anasema kwa upole, "mimi ni kama baba yako. Ninakutakia mema. Mwanafunzi mzuri ni yule anayekubali kosa."

"Hapana," nasema.

Pini moja nyeusi inachomoza kifuani kwangu. Inachoma kidogo.

"Hukulielewa swali."

"Nimelielewa. Hapana."

Nyingine. Nakumbuka ule msemo wa nyumbani, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na naona leo nimepata ngozi yangu. Hapana, sikuchanganya vifuniko. Hapana, sigeuzi mstari. Hapana, jina langu halikwenda mwisho kwa bahati mbaya. Hapana, ule utani kuhusu mama mkwe haukuwa unachekesha, hata mara ya kwanza. Pini nyeusi zinachomoza mfululizo, nami nasema mpaka naishiwa pumzi. Kijana wa Kloridi anajaribu kuninyanyua kwa kwapa. Ananinyanyua kidogo, kidogo zaidi, kisha anachoka, anakwenda kunywa soda.

Nimesimama. Miguu yangu haiko juu wala chini kwa amri ya mtu.

"Na vifuniko?" anafoka Dakta. Upole umemwisha. "Huandiki kwenye vifuniko wewe?"

"Naandika. Nani alitufundisha?"

Kwenye meza ya zawadi, vifuniko vyangu vyote vinageuka kumtazama.

Namsogelea, namvua kile kifuniko cha bluu, taratibu, kwa heshima zote, nakwenda kumvika Sentrifuji pale mlangoni. Sasa Sentrifuji ameandikwa DAKTA.

"Unajisikiaje?" namuuliza.

Sentrifuji anafikiri. "Vilevile," anasema.

"Unaweza kusimamia wanafunzi?"

"Naweza kuwazungusha."

"Basi hakuna kilichobadilika," nasema, na wageni wengine wanacheka na kumwaga pilau.

Hilo linamkasirisha Dakta kuliko yote. Utosi wake, bila kifuniko, ni mdogo na una unyevunyevu. "Mlinzi!" anaita. "Mzungushe huyu binti mpaka akiri!"

"Mimi sina upande," Sentrifuji ananiambia akifungua kamba ya mfuniko wake. "Naomba unielewe. Mimi nikiambiwa zungusha, nazungusha."

Ukumbi mzima unaanza kuzunguka. Pilau, bibi harusi, mabakuli ya kachumbari, vyote vinapita mbele ya macho yangu. Maji ya Juu yanakuwa safi kabisa, Maji ya Chini yanakuwa safi kabisa, na mpaka wao unakaza mpaka unatoa mlio. Mimi nazunguka nikiwa nimekumbatia kiatu. Kila nikipita mbele ya Dakta ananiuliza, "Alihama?" na kila nikipita najibu, "Alihama!" Nikirudi, "Alihama?" "Alihama!" Sijui ni mara ngapi. Najua tu kwamba sauti iliyochoka kwanza haikuwa yangu.

Kuzunguka kunasimama. Wahudumu wananishika mabega, wananivuta kwenye karatasi. Dakta ananishika mkono wa kulia, ananikunjua dole gumba kwa nguvu, analichovya kwenye wino wa zambarau. Duara tupu linanisubiri. Navuta mkono, lakini wao ni wengi, na dole gumba linashuka.

"Mwanangu," anasema Mama Papaini nyuma yangu. "Nilikwambia usinipe mkono."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi nakupa wangu."

Na analishika dole gumba langu, pamoja na wino wake, ndani ya kiganja chake chenye utomvu. Linawasha, ule muwasho wa nanasi kwenye ulimi. Nahisi mistari ya ngozi yangu, ile niliyozaliwa nayo, inalainika, inalegea, inaondoka. Nimeogopa, siwezi kusema uongo. Lakini sijautoa mkono wangu. Analiachia, na hapohapo Dakta analikandamiza kwenye karatasi kwa uzito wake wote.

Wote wanainama kutazama.

Ndani ya duara kuna doa la zambarau. Ni la mviringo, laini, halina mstari hata mmoja.

"Hiki ni nini?" anauliza Dakta.

"Ni doa," anasema Sentrifuji, ambaye bado amevaa kifuniko cha DAKTA, kwa hiyo wote wanamsikiliza.

"Ni dole lake!"

"Linaweza kuwa la yeyote," anasema Sentrifuji. "Linaweza kuwa la kijiko. Doa halikiri kitu."

Vifuniko kwenye ungo vinaanza kupiga makofi, kwanza vichache, halafu vyote. Wageni wa juu wanapiga vigelegele, wageni wa chini wanajaribu kunyanyuka na viti vyao. Mama Papaini anachukua kiatu chake mkononi mwangu, anavaa, anakanyaga kuhakikisha kimekaa vizuri.

"Kaandike ubavuni," ananiambia. "Wino ukifutika, andika tena."

"Ndiyo, mama."

"Na mandazi yatolewe kwenye friji."

Nataka kumjibu, lakini Sentrifuji anaanza kulia ile kengele yake ya kazi imekwisha, pii, pii, pii, inazidi kupanda. Namwambia anyamaze. Hanyamazi. Nanyoosha mkono kumzima, na mkono wangu unagusa simu.

Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa kitandani kwangu, chandarua kimening'inia upande mmoja, jirani anafagia uani. Kengele ya simu ilikuwa inalia juu ya stuli. Niliinyamazisha na nikalala chali kidogo, nikicheka mwenyewe. Harusi ya maji. Mwaka huu nimekula mapapai kupita kiasi.

Nikawaza jopo, na kicheko kikakauka. Lakini sikuitafuta ile sawa ya jana. Nilitafuta cha kufanya, na nikakipata nikiwa bado chini ya chandarua. Friji la maabara lina papaini iliyobaki, inatosha. Nitaliomba jopo linivumilie, nichanganye maji mawili mbele yao, chumvi hii na chumvi ile, mirija imeandikwa ubavuni, vifuniko vitupu. Waione ikipanda na kushuka kwa macho yao. Akitaka kugeuza mstari, ageuze macho ya watu wote.

Simu ikang'aa tena. Ujumbe kutoka kwa Dakta Malekela. Kwenye kioo yalionekana maneno ya mwanzo tu: "Hobokela, usisahau kile tulichokubaliana. Fungua faili nililokutumia, nimeshaku..."

Nikaweka dole gumba la kulia ili nifungue.

"Alama ya kidole haitambuliki," ikasema simu.

Nikalifuta dole kwenye kanga, nikaweka tena. Haitambuliki. Nikapuliza kioo, nikaweka taratibu. Haitambuliki, jaribu tena baadaye.

Nikaliinua dole gumba kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vingine tisa vilikuwa na mistari yake, kama kawaida. Glavu zangu za jana zilikuwa nzima, nilizivua mwenyewe, nikaziosha, nikazianika. Lakini dole gumba la kulia lilikuwa laini kama ganda la yai, na kwenye ukingo wa kucha, pembeni kabisa, kulikuwa na uzi mwembamba wa wino wa zambarau.

Ujumbe wa Dakta bado ulikuwa umekaa nje ya mlango, unasubiri kufunguliwa.

Simu yangu ina namba ya siri. Naikumbuka vizuri. Sikuiingiza.